Dola imeshuka, shemeji anataka pesa yake kwa bei ya zamani

Yaya mpendwa, dada yetu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi. Ninauza unga wa mahindi, mfuko wa kilo 25, na kwa meka, kile kikopo cha kupimia, kwa wale wasioweza kuchukua mfuko mzima. Depo yangu ni chumba kimoja mbele ya lopango letu, kiwanja cha nyumba. Bwana yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake unakuja kwa faranga za Kongo, na kuna miezi unachelewa. Kusema kweli, nyumba inakula kwenye ule unga.

Mwezi wa nane 2025 shemeji yangu, mdogo wa bwana, anayefanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, alinikopesha dola 1,000. Hatukuandika kitu. Alisema tu, "Utanirudishia mwisho wa mwaka." Nikaenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikaleta mifuko 50. Kila mfuko umenifikia dola 20 ukihesabu na gari. Siku zile wakambisti, wabadilisha pesa, walikuwa wanabadilisha dola moja kwa 2,850. Maana yake mfuko ulinisimamia faranga 57,000, nikauza 60,000. Elfu tatu kwa mfuko si nyingi, lakini unga unatembea, haulali.

Kisha ikaja mwezi wa tisa kwenda wa kumi. Dola ikaanza kuanguka. 2,700, mara 2,500. Kambisti wa kona yetu alikuwa anafuta kibao chake asubuhi, anakifuta tena jioni. Sasa iko 2,300, na mimi nina mifuko 40 ndani.

Wateja wakija wanasema, "Mama, dola imeshuka, shusha na unga." Nawaambia hii mifuko niliinunua dola ikiwa juu. Nikiuza 50,000 ninapoteza elfu saba kila mfuko, nani atanirudishia? Hawataki kusikia. Wananikumbusha mwaka 2024, wakati wa ukame wa Zambia na ule mwezi wa nane Zambia walipofunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku kadhaa. Ni kweli, nilipandisha bei ya mifuko iliyokuwa tayari ndani ya depo, kwa sababu niliona wazi mingine nitaipata kwa bei kali. Mzee mmoja wa kanisa letu alinisimamisha mbele ya watu akaniambia, "Mama, bei ikipanda unapanda leo, ikishuka unashuka kesho kutwa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ng'ambo ya barabara wifi yangu, dada ya bwana, ameandika kwa chaki mlangoni: 50,000. Anauza unga uleule. Wateja wangu wanavuka barabara wakiniangalia. Waliobaki ni wale wa daftari, wa mkopo, na daftari lenyewe lina karibu 400,000 za tangu mwezi wa saba.

Sasa lililoniletea kukuandikia. Shemeji alipiga simu. Hataki dola zake 1,000. Anataka faranga 2,850,000, kwa sababu eti siku aliyotoa hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake. Anajenga Ruashi, hapa Lubumbashi, na fundi na watu wa matofali wanalipwa kwa faranga, hakuna hata mmoja aliyeshusha. Nikamjibu, "Ulinipa dola, nakurudishia dola." Akakasirika, akasema nimemfanyia ujanja wa soko. Bwana yangu anasema nimlipe anavyotaka, damu ni damu. Mdogo wangu anayesoma uchumi hapa chuo kikuu anacheka tu: "Yaya, gharama iliyokwisha kutoka isahau." Simwelewi.

Nishushe bei nile hasara, au nifunge moyo ningoje dola ipande tena? Na shemeji nimlipe nini? Niliishia sekondari ya tatu. Naona watu wote wanaelewa haya mambo ya dola isipokuwa mimi.

Mama Unga, Katuba

*

Mdogo wangu,

Hao unaoona wanaelewa mambo ya dola, wengi wao wanarudia tu yale waliyosikia kwenye basi. Wewe umeniletea tarehe, idadi ya mifuko na bei ya kila mmoja. Aliye na hivyo vitatu hajapotea, hata kama aliishia sekondari ya tatu.

Nikisoma barua yako naona umeniletea mizigo miwili: mifuko iliyo ndani, na deni la shemeji. Unaitazama kila mmoja peke yake. Mimi naona ni swali moja: pesa ihesabiwe kwa bei ya siku gani, siku ilipotoka au siku inaporudi?

Tuanze na hizo elfu saba unazosema utapoteza. Chukua kalamu. Mfuko uliununua kwa dola 20, na dola hizo hukuzitafuta kwa kambisti, ulipewa mkononi zikiwa dola. Mwezi wa nane uliuza 60,000. Ukigawa kwa 2,850 unapata dola 21 na kidogo. Leo ukiuza 50,000 kama wifi yako, ukagawa kwa 2,300, unapata dola 21 na senti kama 70. Umeona? Kwa dola, ile bei inayokutisha inakupa zaidi kuliko bei uliyoizoea. Na ukikaza pale pale 60,000, leo unamwomba mteja dola 26 kwa mfuko uliokutoka 20. Yeye hajui hesabu hii kwa tarakimu, lakini anaihisi, ndiyo maana anavuka barabara.

Usikimbie kufurahi, kwa sababu hesabu hiyo ina masharti. Inasimama kama utazibadilisha faranga hizo mapema, kabla dola haijageuka. Inasimama kama Kasumbalesa bado wanakupa mfuko kwa dola zilezile. Na inasimama kwa mtaji peke yake. Jikoni ni habari nyingine. Wifi yako leo ameandika 50,000, kesho mwingine ataandika 48,000, na wewe utabaki na faranga 2,000 juu ya mfuko. Mboga ya sombe haijashuka, manseba wa pikipiki hajapunguza nauli. Hapo ndipo hasara yako ya kweli ilipojificha, kwenye faida ndogo inayolisha watoto, na si kwenye zile elfu saba. Nimeona nikuonyeshe, maana mtu akilia palipo pazima, penye jeraha hapatibiwi.

Mdogo wako wa chuo ana haki, ila amekupa nusu ya mkate. Anachosema ni kwamba pesa uliyokwisha kutoa mwezi wa nane hairudi kwa kuitazama. Cha kuamua bei ya leo ni kile mteja anaweza kulipa leo, na kile kitakachokugharimu kuleta mfuko mwingine. Na kumbe somo hilo ulilijua kabla yake. Mwaka 2024 hukuuza kwa bei uliyonunulia, uliuza kwa bei ya mfuko utakaofuata. Walikucheka, lakini kama ungeuza kwa bei ya zamani ungekuwa na pesa ya mifuko pungufu na depo ingekufa polepole. Wauzaji wengi wa nchi hii walikufa hivyo miaka ya tisini, wanahesabu mabunda ya noti huku mali inaisha. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, pesa ya wakati ule, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga. Waliopita pale ndio waliotufundisha kuweka dola chini ya godoro, na hadi leo karibu asilimia 90 ya pesa wanazoweka watu kwenye benki zetu ni za kigeni.

Sasa yule mzee wa kanisa. Alikosea kukuaibisha mbele ya watu, hilo sikubali. Lakini neno lake linauliza kitu halali: kama bei ya mfuko utakaofuata ndiyo iliyokuongoza kupanda, kwa nini bei ya mfuko uliopita ndiyo ikuongoze kushuka? Sikulaumu. Ukiangalia vizuri, kila mtu ndani ya barua yako amechagua siku inayomfaa. Kwa mifuko unataka siku ya zamani, kwa deni unataka siku ya leo. Shemeji kwa deni anataka siku ya zamani, lakini akija kununua unga kwako, nina hakika atataka bei ya leo. Hata watu wa matofali Ruashi, wanauza kwa bei ya jana na saruji yao wanainunua ya leo. Ndiyo maana dola inashuka kwa wiki chache na bei za soko zinabaki zimekaa: kila muuzaji ana mali ya zamani, kila mmoja anaogopa dola itarudi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wa kwanza kwenu amekuwa wifi.

Je, dola itarudi juu? Hapo sitajifanya mganga. Naweza tu kukuambia kilichoisukuma. Dola ni bidhaa kama unga, ikijaa inashuka. Benki Kuu ya Kongo iliuza dola sokoni, na tangu mwezi wa nane 2023 ilikuwa imezibana faranga kwa kuweka riba yake ya kukopesha kwenye asilimia 25. Faranga chache zikikutana na dola nyingi, faranga inapata nguvu. Mwezi wa kumi 2025 benki hiyo ilishusha riba hadi asilimia 17.5, yaani imelegeza kidogo. Dola zenyewe zinatoka ardhini kwetu, kwenye shaba na kobalti, na bei ya vitu hivyo haipangwi Katuba wala Kinshasa. Mtu anayekuambia kwa uhakika dola itakuwa ngapi Noeli, mwulize yeye mwenyewe ameweka ngapi.

Kungoja nako si bure. Mvua ndiyo imeingia, na unga uliokaa kwenye chumba kimoja unavuta unyevu, wadudu wanakuja. Isitoshe, baada ya ule ukame Zambia wamevuna mwaka 2025 mahindi zaidi ya tani milioni 3.6, wakati mwaka wa ukame yalikuwa karibu milioni 1.5. Mahindi yakijaa kule, mfuko Kasumbalesa unaweza kushuka hata kwa dola. Upande wa pili kwacha yao nayo imepata nguvu mwaka huo, hiyo inavuta bei juu. Sijui upi utashinda. Najua tu kwamba ukingoja dola, unacheza kamari mbili kwa pamoja, na unazicheza kwa pesa ya shemeji.

Tuje kwake.

Nimejaribu kukaa upande wake kwa haki. Neno la kwanza linalokuja ni lile ulilomwambia: ulinipa dola, nakurudishia dola. Kama angeziacha dola zake kwenye sanduku Kolwezi, leo zingekuwa 1,000 vilevile na zingenunua matofali machache vilevile. Mkopo wako haukumwondolea kitu. Lakini ngoja. Vipi kama mwezi wa nane alikuwa tayari kununua matofali, akaacha ili akusaidie? Basi alichokupa si dola tu, ni matofali ya faranga 2,850,000 ambayo hakuyanunua. Hilo analijua yeye, na barua yako hainiambii. Ningependa umwulize, kwa sauti ya kutaka kujua, si ya kushindana.

Swali la pili la kumwuliza, na hili ni gumu zaidi: kama dola ingepanda hadi 3,300, angepokea faranga 2,850,000 na kushukuru? Zingekuwa dola 864 tu. Kama angesema hapana, nataka dola zangu, basi mkataba wenu tangu mwanzo ulikuwa wa dola, hata kama haukuandikwa. Na wewe ujiulize hilohilo kinyume chake, usiku, peke yako.

Sasa tazama jinsi mizigo miwili inavyogusana. Mifuko kumi umeuza 60,000. Arobaini iliyobaki ukiiuza 50,000, jumla yote ni 2,600,000, karibu dola 1,130. Ukimpa dola 1,000, unabaki na 130. Ukimpa 2,850,000 anazotaka, hela yote ya mifuko 50 haitoshi, utatafuta 250,000 kwingine. Njia pekee ya kumlipa hivyo kutoka kwenye unga huu ni kuuza ile arobaini iliyobaki kwa zaidi ya 56,000 kila mmoja. Yaani bwana yako anaposema umlipe mdogo wake anavyotaka, anasema, bila kujua, kwamba watu wa meka wa Katuba ndio walipie matofali ya Ruashi. Na kwa vile wanavuka barabara, hawatalipa. Utalipa wewe. Mwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi, jioni, akiwa ameshakula. Mwalimu hakatai hesabu iliyoandikwa vizuri.

Kati ya 1,000 kavu na 2,850,000 kuna nafasi. Unaweza kumrudishia dola zake na kuongeza kitu cha shukrani, kwa sababu amekukopesha bila riba na pesa yake imekuzalia. Ila mkigawana nusu kwa nusu ile tofauti ya 550,000, ni karibu dola 120, na wewe umefanya kazi miezi yote hii kwa dola kumi. Unaweza kumwomba muda, umlipe dola zilezile mwakani, lakini basi dola ikizidi kushuka kelele zitakuwa kubwa zaidi. Unaweza kumlipa dola 1,000 hata kabla ya mwisho wa mwaka, ili yeye mwenyewe aamue lini abadilishe. Hiyo inaondoa hatari begani kwako, na pia inakuacha bila mtaji. Kila njia ina kidonda chake. Wewe ndiye unayejua shemeji huyu ni wa kukasirika wiki moja au miaka kumi, na kama kesho ukikwama kuna mwingine wa kukukopesha.

Kuna pesa moja ambayo hujaihesabu kabisa: daftari. Zile 400,000 mwezi wa nane zilikuwa dola 140. Leo, kama zikilipwa, ni dola 174. Wadeni wako hawajui, na kwao wewe ndiye umekaa kwenye kiti cha shemeji. Watakulipa faranga zilezile walizoandikiwa, na hakuna atakayekuambia ni dhuluma. Ukizikusanya hata nusu, mazungumzo ya Ruashi yatakuwa mepesi. Lakini ukiwabana sana wakati bei yako ndiyo ya juu mtaani, utawasukuma hata hao waliobaki.

Mkikopeshana tena katika familia, andikeni. Si kwa kutoaminiana. Andikeni ni dola au ni faranga, na bei ikibadilika nani abebe. Mistari miwili inatosha.

Kuhusu wifi, nimeona uchungu wako kwenye ile chaki. Unadhani ameshusha ili akukomeshe, na labda ni kweli, mawifi tunajuana. Lakini kabla hujamnunia, mtume mtoto akamsalimie, na wewe uvuke barabara baadaye umwulize mifuko yake aliinunua lini. Kama ameileta wiki hii dola ikiwa 2,300, ilimsimamia kama 46,000, na hiyo 50,000 yake ni bei ya kawaida kabisa. Na kama aliinunua pamoja na wewe mwezi wa nane, basi amepiga hesabu ambayo wewe umeipiga leo, na mnaweza kuagiza gari moja pamoja safari ijayo.

Yaya